Ulinzi wa ofisi ndogo Mombasa: SMS au ufunguo, diski au wingu, kipi kinunuliwe kwanza?

Tuchukue ofisi ya wakala wa forodha pale Moi Avenue: watu wanane, kompyuta saba, na Sh150,000 zilizotengwa mwaka huu kwa usalama wa mtandao. Muuzaji wa kwanza kubisha hodi huwa na antivairasi. Wa pili huja na kisanduku cha kuchuja intaneti chenye taa nyingi. Vyote viwili vina kazi yake, lakini hasara inayoweza kufunga ofisi ya namna hii huingilia milango mingine miwili: kikasha cha barua pepe kilichotekwa, na mafaili yaliyofungwa na virusi vya kikombozi (vinavyodai fedha ndipo vifungue) huku ofisi haina nakala. Kwa hiyo tunaanza na milango hiyo, antivairasi itangoja karibu na mwisho.

Kikasha kikitekwa

Mfanyakazi anapokea barua yenye hati ya shehena iliyoambatishwa. Anabofya, ukurasa unaofunguka unafanana kabisa na ule wa Microsoft, anaandika nenosiri lake. Siku hiyo hakuna kinachoharibika. Mwizi anaingia kimya, anasoma mazungumzo wiki nzima au mbili, anajua meli ipi inatia nanga lini na mteja yupi anadaiwa kiasi gani. Kisha anaweka kanuni moja ndani ya kikasha: kila barua inayotaja ankara au benki ihamishiwe kwenye folda ya RSS, ambayo mwenye kikasha hajawahi kuifungua. Kontena likishashushwa Kilindini na siku za bure zinakaribia kuisha, mteja anatumiwa ankara "iliyosahihishwa" yenye akaunti mpya. Anaogopa demareji, ile tozo ya kuchelewesha kontena, analipa.

Mara nyingine barua hiyo hutoka kwenye kikasha chenyewe. Mara nyingine hutoka kwenye anwani pacha ambamo r na n zimebanana zikasomeka m. Mtu aliyesimama juani kivukoni Likoni, akisoma kwenye kioo cha simu, hawezi kuona tofauti hiyo.

Nenosiri peke yake halizuii haya hata likiwa refu namna gani, kwa sababu mfanyakazi amelitoa mwenyewe. Kinachohitajika ni hatua ya pili ya kuthibitisha kwamba anayeingia ni wewe, na hapo kuna njia tatu.

SMS, programu ya simu, ufunguo

SMS haina gharama na inafanya kazi hata kwenye kabambe. Ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Udhaifu wake wa kwanza ni laini yenyewe: tapeli akifanikiwa kubadilishiwa kadi ya SIM kwa jina lako, nambari za kuthibitisha zinaanza kumwendea yeye, na wewe unaona tu simu imepoteza mtandao. Ikipoteza mtandao ghafla mahali ambapo wenzako wanao, piga kwa kampuni ya simu papo hapo kwa laini nyingine. Udhaifu wa pili hausemwi sana: laini ni ya nani? Ofisi nyingi zimesajili akaunti kuu ya barua pepe kwa laini binafsi ya karani, na karani akiondoka anaondoka na ufunguo wa ofisi. Wa tatu ni kwamba ukurasa bandia unaweza kuomba nambari hiyo ya SMS kama ulivyoomba nenosiri, na mfanyakazi akaiandika.

Programu ya simu, kama Google Authenticator au Microsoft Authenticator, nayo ni bure. Hutoa tarakimu 6 zinazobadilika kila sekunde 30, na haihitaji mtandao wala laini, jambo linalofaa ndani ya maghala ya Shimanzi ambako mawimbi hukatika. Mwizi wa SIM hapati kitu. Nambari zikikataliwa ingawa umeziandika sawa, angalia saa ya simu kwanza: ikiwa imewekwa kwa mkono na iko nyuma dakika mbili, tarakimu hazitalingana. Rudisha saa ijipange yenyewe.

Tatizo kubwa la programu ni simu kuibiwa au kuanguka. Siku ya kuiweka, chapisha nambari za akiba (Google hutoa 10, kila moja hutumika mara moja) uzitie kwenye bahasha ndani ya sefu ya ofisi. Usizipige picha. Picha hiyo itakaa kwenye simu ileile itakayoibiwa.

Hata hivyo programu haizuii ukurasa bandia wa kisasa. Kurasa hizo siku hizi hukaa katikati: unachoandika kinapelekwa Microsoft au Google wakati uleule, zile tarakimu 6 zinatumika kabla sekunde 30 hazijaisha, na mwizi anabaki na kidakuzi cha kuingilia, kile kijifaili kinachoiambia tovuti kwamba umeshaingia. Akishakuwa nacho hahitaji nenosiri wala nambari tena mpaka kikao kifungwe. Vifaa vya kutengeneza kurasa za namna hii vinakodishwa tayari, hivyo anayekushambulia si lazima awe fundi.

Ufunguo wa usalama, kile kijiti cha USB cha kiwango cha FIDO2 kama YubiKey, unaziba tundu hilo. Haumuulizi mtu chochote cha kuandika. Ufunguo na tovuti husemezana wenyewe, na ufunguo hujibu anwani ileile uliyosajiliwa nayo tu. Ukurasa pacha wenye r na n haupati jibu hata mfanyakazi akiwa amedanganyika kabisa. Hii ndiyo sababu tunaupenda: unamlinda mtu aliyechoka saa kumi na moja jioni ya Ijumaa, wala haumtaki awe na jicho la mpelelezi. Google ilieleza mwaka 2018 kwamba tangu ilipowapa wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 funguo hizi mapema 2017, haikuthibitisha hata akaunti moja ya kazi iliyotekwa kwa hadaa.

Bei ya zile za kawaida ni kama dola 25 hadi 30 kila moja kabla ya usafiri na ushuru. Kila mtu anahitaji mbili: moja ya mfukoni, moja ya sefu. Kosa linalojirudia ni kusajili moja tu, ikapotea, na akaunti ikafungika. Kosa la pili ni baya zaidi: kusajili ufunguo na kuiacha SMS iendelee kuwa njia mbadala. Mwizi atabonyeza "jaribu njia nyingine", na umenunua kufuli ukaacha dirisha wazi. Fuata mpangilio huu:

1. Sajili funguo zote mbili siku moja.
2. Fungua dirisha la faragha la kivinjari, ingia kwa ule wa pili kuhakikisha unafanya kazi.
3. Chapisha nambari za akiba, ziende sefuni.
4. Ondoa nambari ya simu kwenye njia za kuthibitisha.
5. Toka kwenye vifaa vyote, kisha ingia upya.

Kuna njia ya bure yenye nguvu karibu sawa: ufunguo wa siri (passkey) unaokaa ndani ya simu na kufunguliwa kwa alama ya kidole. Android 9 na kuendelea inatosha. Kikwazo hapa Mombasa ni kompyuta za mezani za mtumba. Ili simu iifungulie kompyuta kwa kuchanganua msimbo wa QR, vifaa vyote viwili lazima viwe na Bluetooth, na mashine nyingi za mezani hazina. Kijidude cha Bluetooth cha USB hutatua hilo kwa bei ndogo sana.

Kwa ile ofisi ya watu wanane hatungenunua funguo 16. Nunua 6: mwenye ofisi, mhasibu, na anayesimamia jina la tovuti na akaunti kuu. Waliobaki watumie ufunguo wa siri wa simu au programu. SMS ibaki kwa yule asiye na simu janja tu, na kwa muda.

Barua pepe yenyewe iko wapi?

Ulinganisho wote huo hauna maana ikiwa barua zenu ziko kwenye mwenyeji wa tovuti wa bei nafuu, ambako kikasha hufunguliwa kwa IMAP (njia ya programu za barua kusoma kikasha) na nenosiri tu. Jaribu sasa hivi: ingia kwenye kikasha chako kupitia kivinjari, tafuta mahali pa kuwasha hatua ya pili. Pasipokuwepo, kuhama ndiyo matumizi ya kwanza ya ile Sh150,000.

Vifurushi vya chini vya Google Workspace na Microsoft 365 viko kwenye dola 6 hadi 9 kwa mtu kwa mwezi. Kwa watu wanane, ukikadiria dola 7 na Sh130 kwa dola, ni kama Sh87,000 kwa mwaka, kodi mbali. Ni fedha nyingi, hatuwezi kusema vingine. Kati ya hizo mbili, usalama usikuamulie: zote hukubali funguo. Amua kwa kazi. Ofisi inayoishi ndani ya Excel, yenye mafaili makubwa ya orodha za mizigo, itatulia zaidi kwa Microsoft, lakini angalia vizuri, kifurushi chake cha chini kina Excel ya kivinjari na ya simu pekee. Inayofanya kazi kwa simu na hati za pamoja itapata wepesi kwa Google.

Mkihama, mwambie fundi aweke SPF, DKIM na DMARC, mipangilio inayothibitisha kwamba barua yenye jina lenu imetoka kwenu kweli. DMARC ianze kwa kutazama tu wiki tatu au nne, kisha ipande hadi kukataa barua zisizothibitika. Fundi anayeanza na kukataa siku ya kwanza husababisha ankara halali kutoka kwenye programu ya hesabu zipotee, na ofisi ikaanza kuichukia kinga yenyewe. Na ijulikane: DMARC inazuia mtu kutumia jina lenu halisi. Jina pacha haligusi.

Hapo ndipo utaratibu wa bure unapozipita mashine zote. Akaunti ya benki ikibadilika, mpigie mhusika kwa nambari iliyo kwenye faili la zamani, si iliyo chini ya barua mpya. Sauti ya WhatsApp isikubaliwe kuwa uthibitisho. Sauti sasa huigizwa kwa akili unde, na picha za video pia: mwaka 2024 mfanyakazi wa kampuni ya Arup kule Hong Kong alituma takriban dola milioni 25 baada ya mkutano wa video ambamo wakubwa wake aliowaona walikuwa bandia. Wewe ndiye upige, kwa nambari unayoijua.

Diski, seva ya nakala, au wingu

Juni 2017 virusi vya NotPetya viliisimamisha kampuni ya meli ya Maersk dunia nzima, na kampuni ikakadiria hasara ya dola milioni 250 hadi 300. Julai 2021 shambulio dhidi ya Transnet, shirika la bandari na reli la Afrika Kusini, liliathiri bandari, Durban ikiwamo, na hati zikarudi kujazwa kwa mkono. Ofisi ya wakala haina mafundi wa Maersk. Ina bakapu, au haina kitu.

Diski ya nje ni rahisi na ya haraka. GB 200 kwa USB 3.0, kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde, ni kama dakika 35, ingawa maelfu ya mafaili madogo huichelewesha sana. Kinachoiharibu ni mazoea: diski inachomekwa Januari na haichomolewi. Virusi vikiingia vinaifunga pamoja na kompyuta, na hufuta pia zile nakala za ndani ambazo Windows hujiwekea. Diski iliyochomekwa daima si akiba. Nunua mbili, moja iwe ofisini na nyingine nyumbani kwa mwenye ofisi, mbadilishane kila Ijumaa. Hewa ya chumvi ya kisiwani hula viunganishi, kwa hiyo iwe kwenye kikopo kinachofunga, na vipakiti vya silika ndani.

Isimbe, yaani ifanye isisomeke bila nenosiri, kabla ya kutoka mlangoni. BitLocker, programu ya kusimba ya Windows yenyewe, inahitaji Windows Pro. Mwenye Windows Home atumie VeraCrypt, ni bure. Diski isiyosimbwa yenye nakala za vitambulisho na PIN za KRA za wateja ikipotea kwenye tuktuk, suala linaweza kuingia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 pale ambapo wateja wako kwenye hatari halisi ya kudhurika.

Seva ndogo ya nakala, kile kisanduku chenye diski mbili au nne, inafaa ofisi inayosahau, maana inajifanyia kazi usiku. Lakini inadai UPS (betri ya kushikilia umeme), kwa kuwa umeme ukikatika inapoandika, data huweza kuharibika. Na diski zake mbili zinazoigana si nakala mbili: faili likifungwa kwenye moja limefungwa kwenye zote. Usiifungulie njia ya kuingiliwa kutoka intaneti. Januari 2022 virusi vya DeadBolt vilizishambulia seva za nakala za kampuni ya QNAP zilizokuwa wazi hivyo. Kwa watu wanane tunaona ni gharama inayoweza kusubiri.

Wingu, yaani nakala inayokaa kwenye seva za kampuni nyingine kupitia intaneti, linakuokoa na moto, wizi na mafuriko kwa pamoja. Shida yake ni hesabu ya kasi. GB 200 kwa kasi ya kupandisha ya Mbps 10 ni saa 44 bila kusita. Kurudisha kwa Mbps 20 ni saa 22. Siku nzima kontena linasubiri huku mafaili yakishuka. Tena Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilizorota Afrika Mashariki kote. Nyaya za chini ya bahari zinaingilia Mombasa, lakini hilo halitukingi zikikatika mbele.

Msichanganye pia kusawazisha na kuhifadhi. OneDrive na Google Drive hupeleka wingu kila badiliko, hata badiliko la faili kufungwa na virusi. Matoleo ya zamani yapo, lakini OneDrive inakuruhusu kurudisha kila kitu nyuma kwa siku 30 tu, na Drive huweka matoleo ya mafaili ya kawaida kwa siku 30 au matoleo 100. Huduma ya kweli ya nakala ina kifungo cha kuzuia kufutwa: kwa siku 30, hata mwenye nenosiri hawezi kuziondoa. Uliza kifungo hicho kabla ya kuuliza bei.

Chaguo letu ni diski mbili za kubadilishana kwa kila kitu, na wingu lenye kifungo kwa kiini tu: data ya hesabu, hati za miezi 12 ya karibuni, orodha ya wateja. Kiini hicho mara nyingi hakizidi GB 20, na GB 20 hupanda usiku mmoja. Faili la QuickBooks au folda ya Tally isinakiliwe programu ikiwa wazi. Tumia amri ya nakala ya programu yenyewe, la sivyo utapata faili lenye ukubwa sahihi lisilofunguka. Na kila mwezi chagua faili moja, lirudishe kwenye kompyuta nyingine, lifungue, andika tarehe na jina la aliyejaribu kwenye daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na nakala ni mali.

Antivairasi, na Windows ya zamani

Microsoft Defender iliyomo ndani ya Windows inatosha ofisi hii, mradi iwe imewashwa na inasasishwa. Ya kulipia huongeza hasa ukurasa mmoja wa kusimamia mashine zote. Ulinzi unaotazamwa na watu usiku na mchana ni bora zaidi, lakini bei yake huanza kuleta maana ukiwa na mashine 30 au zaidi, kama hoteli ya Nyali.

Kinachovunja vyote vitatu ni Windows iliyoamshwa kwa programu ya wizi. Vifaa hivyo hukuambia uzime antivairasi kwanza, na ukishaizima hujui kilichoingia pamoja navyo. Kununua antivairasi ya kuweka juu ya mashine kama hiyo ni kutupa fedha.

Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho ya bure Oktoba 14, 2025. Biashara inaweza kulipia ya ziada, dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, bei ikiongezeka maradufu kila mwaka hadi miaka mitatu. Mwaka mmoja unavumilika. Kuanzia wa pili, mashine ya mtumba iliyo tayari kwa Windows 11 ni uamuzi bora. Dukani angalia vitu viwili: prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, na TPM 2.0 (chipu ya usalama) iliyowashwa. Core i5 ya kizazi cha 6 inaweza kuwa ya haraka na bei tamu, lakini haimo kwenye orodha.

Jambo moja kwa fundi anayeitwa akihitajika: muulize kama alifungua mlango wa 3389, ule wa kuiendesha Windows kwa mbali, kwenye ruta ili aingie kutoka kwake. Wadukuzi huusaka mlango huo mchana na usiku. Ufungwe, na atumie VPN (njia ya faragha iliyosimbwa). Jina la tovuti nalo lisajiliwe kwa barua pepe ya ofisi, si yake.

Mambo yakishaharibika

Fedha zikitumwa kwa tapeli, benki ya mtumaji ipigiwe saa ileile, ombi la kuzirudisha liwe kwa maandishi, ndipo muende polisi na kuarifu KE-CIRT, kituo cha Mamlaka ya Mawasiliano kinachoshughulikia mashambulizi ya mtandao. Kwenye kikasha badilisha nenosiri, funga vikao vyote, kisha fungua orodha ya kanuni na ya kusambaza barua ufute usichokitambua. Wanaobadilisha nenosiri tu huiacha ile kanuni ya folda ya RSS ikiendelea kuficha barua.

Mafaili yakifungwa, chomoa waya wa mtandao na uzime Wi-Fi kwenye kila mashine, hata inayoonekana nzima. Piga picha ya ujumbe wa kikombozi. Ile diski iliyoko nyumbani ibaki nyumbani mpaka kila mashine iwe imefutwa na kuwekewa Windows upya, na kabla hujaichomeka kwenye mashine za ofisi tengeneza nakala yake kwenye diski mpya kwa kompyuta ambayo haijawahi kugusa mtandao wa ofisi.